"Maji iko": sarufi ya kutafuta nyumba Bukavu

Mwaka jana nilipanga chumba kwa sababu ya neno moja: iko. Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha masaa machache katika shule moja ya mjini, na kwa mara ya kwanza nilitaka kutoka nyumbani, Kasha. Komisioneri akanipeleka kwenye mteremko mmoja wa Kadutu, akafungua mlango, akasema: "Maji iko." Nilimsikia kama mtoto wa Bukavu, si kama mwanafunzi wa isimu. Nikalipa garanti ya miezi sita. Kesho yake asubuhi nikagundua kwamba maji iko kweli, lakini chini kabisa ya kilima, kwenye chemchemi, na foleni ya bidoni.

Tuangalie sarufi. Kiswahili Sanifu kina viambishi vitatu vya mahali: -po kwa mahali dhahiri, -ko kwa mahali pasipo dhahiri, na -mo kwa ndani. Maji yapo, yako, yamo: habari tatu tofauti. Kiswahili chetu cha Bukavu hutumia -ko kwa zote tatu, tena mara nyingi pamoja na i- bila kujali ngeli: maji iko, njia iko, batoto iko. Haya si makosa, ni mfumo. Iko imekuwa kitenzi cha "kuwa" (tunasema pia "iko muzuri"), na kazi ya kuonyesha mahali imeachiwa maneno mengine kama ndani, hapa, kule. Msemaji asipoyataja, msikilizaji hujaza nafasi kwa matumaini yake. Komisioneri hakudanganya, mimi ndiye niliyejaza.

Kwa hiyo, anayeanza kazi na kutafuta chumba aulize kwa ukamilifu: maji iko ndani ya nyumba, ndani ya parseli, ama kwa jirani? Bomba linatoka siku gani? Na umeme: mita ni yako peke yako ama mnagawana?

Neno la pili ni "karibu". Katika mji wa vilima, karibu hupimwa kwa jicho, wakati mguu unashuka bonde na kupanda tena. Tembea njia hiyo mwenyewe, siku ya mvua, ukiwa na viatu vya kazi, maana mvua yetu huanza Septemba mpaka Mei. Tazama pia kuta. Kule Funu mteremko wenyewe unasogea polepole, na nyumba zinapasuka.

Neno la tatu ni "garanti". Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Bayeri wangu aliomba sita, nami sikujua kwamba ningeweza kukataa.

Sasa, komini gani? Ibanda ina ofisi nyingi na kodi ya juu. Kadutu iko karibu na soko kubwa, lakini nyumba zimebanana na moto ukishika huenea haraka. Bagira ni mbali, na Kasha, upande wake wa mashamba, ni mbali zaidi. Usilinganishe kodi peke yake. Tuseme chumba cha Ibanda ni dola 60 na cha Kasha 25. Ukitumia dola moja kila siku kwenda na kurudi, siku 24 za kazi, Kasha inakuwa dola 49. Tofauti si 35 tena, ni 11. Hapo ndipo unajiuliza kama dola 11 zinatosha kulipa masaa unayopoteza barabarani.

Nilikaa miezi yote sita, kwa sababu pesa ilikuwa imekwisha kutoka, halafu nikarudi Kasha. Siku niliyomweleza mama habari ya kile chumba, aliniuliza kitu kimoja tu kuhusu maji, kwa Mashi: "Omu nyumpa?" Ndani ya nyumba? Mashi hutenganisha omu na oku, na mama, ambaye hakusoma isimu, hawezi kuuliza habari ya maji bila kuchagua. Mimi nilikuwa na lugha hiyo nyumbani muda wote. Mwaka huu natafuta tena chumba, upande wa Bagira, na swali la mama ndilo ninaloanza nalo kabla ya kuuliza bei.