Filamu ya wanyama wanaosema: ipi inamfaa mtoto mdogo?

Filamu haiwi ya watoto kwa sababu tu mhusika wake ana mkia na masikio marefu. Fritz the Cat, katuni ya Marekani ya mwaka 1972 ambayo mhusika wake mkuu ni paka, ilipewa daraja la X, yaani ya watu wazima peke yao. Watership Down ya mwaka 1978, inayohusu sungura wanaotafuta makao mapya, iliruhusiwa Uingereza kwa watazamaji wote. Kwa miaka mingi wazazi walilalamikia damu na vifo vilivyomo, na zaidi ya miaka 40 baadaye daraja lake likapandishwa hadi PG, linalomtaka mzazi apime kwanza.

Kwa watoto wa mwambao, mnyama anayesema si mgeni. Ngano ya kima na papa imo katika hadithi za Unguja alizochapa Edward Steere mwaka 1870. Kima humtupia papa matunda ya mkuyu, urafiki ukakolea, papa akambeba mgongoni kwenda kwao. Katikati ya maji papa anatoboa siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kuwa wao wakitembea huiacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Hiyo ni habari ya kutaka kuua, na bado watoto huisikiliza wakicheka. Bibi anayesimulia humwona mjukuu usoni. Akiona ameingiwa na hofu, hulegeza sauti au humfikisha kima pwani upesi. Papa naye hatishi kuliko mtoto mwenyewe anavyoweza kumwaza.

Filamu haina huruma hiyo. Picha, muziki na ngurumo huja kwa kipimo kimoja kwa mtoto wa miaka 3 na kwa kaka yake wa miaka 12. Tena picha nazo hazitishi sawasawa, na The Lion King inaonyesha hilo vizuri. Katika filamu zote mbili, ya mwaka 1994 na ya mwaka 2019, mfalme Mufasa anaangushwa gengeni na nduguye, nyumbu wanampitia juu, kisha mwanawe anakwenda kuusukuma mwili wake ili aamke. Ile ya kwanza, ya michoro, ilipewa Marekani na Uingereza daraja la watu wote. Ile ya pili, ambayo wanyama wake wametengenezwa kwa kompyuta wakafanana na simba wa kweli, ilipewa PG katika nchi zote mbili. Kisa ni kilekile. Kilichobadilika ni ukaribu wa picha na uhalisi.

Ukaribu huo una uzito kwa sababu ya umri. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hivi hutishwa zaidi na anachokiona na kukisikia: meno, giza, kelele, mnyama anayebadilika sura ghafla. Kumwambia “si kweli” hakumsaidii sana. Kupakatwa, kushikwa mkono au kuzimiwa televisheni humtuliza zaidi. Mkubwa wake huogopa kinachoweza kutokea, kama kufiwa na mzazi au kupotea, na huyo mazungumzo humsaidia. Muda nao ni kipimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unataka isizidi saa moja kwa siku. Filamu ya saa moja na nusu imeshapita hapo.

Tanzania Bara, ukaguzi wa filamu na upangaji wa madaraja ni kazi ya Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Hata hivyo filamu iliyorushwa kwenye flashi au simu mara nyingi humfikia mzazi bila alama yoyote. Daraja lenyewe hueleza nani asizuiwe kuona. Halisemi nani atafaidika. Katika vibanda umiza, yaani mabanda ya mitaani ya kuonyeshea filamu, kuna jambo jingine: filamu iliyotafsiriwa na DJ. Mtafsiri huchombeza utani wake, na picha isiyo na ubaya inaweza kubeba matusi au maneno ya mapenzi ambayo hayamo katika filamu yenyewe. Kinachopimwa hapo ni sauti pamoja na picha.

Kuiga nako kunahitaji jicho. Mto Pangani una mamba, na Hifadhi ya Saadani ina simba wanaofika karibu na bahari. Mtoto wa maeneo hayo aliyemwona mamba wa filamu akiwa rafiki wa kila mtu anahitaji kuambiwa waziwazi kuwa wa mtoni haongei na hachezewi. Vivyo hivyo kwa mbwa asiyejulikana na nyoka.

Njia ya uhakika ni mzazi kuitazama filamu kwanza, hasa dakika za mwanzo, ambapo mara nyingi mzazi wa mhusika hufa, na sehemu ya karibu na mwisho, ambapo hatari hufika kileleni. Kisha akae na mtoto. Anayeziba masikio, anayejificha nyuma ya kiti au anayeuliza tena na tena kama fulani amekufa kweli, amekwisha kutoa jibu. Kwa wadogo kabisa, vipindi vifupi hufaa kuliko filamu ndefu: Akili and Me, ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, imetungwa kwa ajili ya watoto wa chekechea, na Tinga Tinga Tales ya mwaka 2010, iliyochorwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa mchoraji Mtanzania Edward Said Tingatinga, ina visa vya dakika kama 11 kila kimoja.

Siku za sikukuu, watoto wa rika mbalimbali wanapojazana sebule moja, filamu huchaguliwa kwa kumwangalia aliye mdogo kuliko wote. Wakubwa wanaweza kusubiri yao hadi wadogo walale.