Kutoka Mbinga hadi ng'ambo: hesabu na usiku wako

Mtu wa Mbinga anayejiandaa kwenda ng'ambo huulizia kwanza nauli ya ndege kutoka Dar es Salaam. Aulize pia atalala wapi usiku wa kabla ya kuruka, maana gharama ya usingizi huanza huku huku kwetu. Anayetoka Mbamba Bay ana kilomita 66 za lami kupanda hadi Mbinga, nyingine kama 100 hadi Songea, kisha zaidi ya 900 kupitia Njombe na Iringa.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, Oktoba 2023, wengi huondoka Songea jioni, hufika Dar asubuhi, na usiku wa siku hiyo hiyo hupanda ndege. Wanaokoa pesa ya gesti. Kwa viwango vya Desemba 2023 vya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, yaani shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati, nauli ya Songea hadi Dar iliangukia kati ya 43,000 na 65,000 hivi. Lakini huko ni kukaa kwenye kiti usiku mbili mfululizo. Mtawa wa Peramiho akifika abasia ya St. Ottilien, karibu na Munich, akiwa hoi, atasema ni kupishana kwa saa, ilhali Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja tu wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi. Kilichomchosha ni basi. Kwa safari ya Ulaya, pesa ya gesti moja Dar ndiyo ningeilipa kwanza, kabla ya kufikiria kiti kizuri cha ndege.

Air Tanzania kutoka Songea inakuokolea siku nzima, ila nauli yake ni kubwa zaidi. Ikiwa tiketi hiyo umeikata peke yake, safari ikiahirishwa ukaachwa na ndege ya ng'ambo, hasara ni yako. Ruka siku moja kabla.

Kutoka Dar, KLM kwa kawaida huondoka usiku na kukufikisha Amsterdam asubuhi. Emirates huondoka alasiri na kufika Dubai kabla ya saa sita usiku, halafu unasubiri ndege nyingine: usingizi unakatika vipande viwili. Tofauti ya nauli ikiwa ndogo, chukua usiku usiokatika. Ikiwa kubwa, pokea Dubai, lakini siku ya kufika usijipangie mkutano.

Guangzhou ni habari nyingine. China iko mbele yetu kwa saa tano; kwao ikiwa saa moja asubuhi, mwili wako uko saa nane ya usiku wa Mbinga. Mwili husogea kama saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko magharibi. Siku tatu kabla, lala na kuamka saa moja mapema zaidi kila siku. Ukifika, epuka jua kali la asubuhi na mapema, kisha toka nje kuanzia saa nne hadi alasiri. Mwanga wa wakati huo ndio unaoivuta saa ya mwili mbele. Ukizidiwa mchana, jinyooshe nusu saa, si zaidi. Na hata kama umebeba kahawa ya kwetu Umatengo, iishie kabla ya adhuhuri.

Kuna kosa moja linaloigharimu familia tiketi nzima. Tiketi ikiandikwa tarehe 12, 02:30, hiyo ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwe uwanjani tarehe 11 kabla ya saa sita usiku. Anayekwenda jioni ya tarehe 12 anakuta ndege imeondoka tangu usiku wa manane.

Wakati wa kurudi, ukitua Dar usiku, lala huko kwanza. Na ndugu waliokupokea Songea wasikupe usukani: milima ya kuelekea Mbinga ina kona nyingi, na kwa mtu aliyetoka China, saa mbili usiku ya kwetu ni saa saba usiku mwilini.