Salamu kwanza, mkono ufuate

Asubuhi ya Lyamkena ina baridi ya kuuma. Watu hutembea wamejikunyata ndani ya makoti, mikono mifukoni. Lakini kijana akikutana na mzee njiani, mikono hutoka mara moja. Husimama, huinama kidogo, hutamka salamu ya kwao: "Kamwene." Mzee huitikia, huuliza habari za nyumbani, ndipo hunyoosha mkono. Kijana huupokea kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto umeshika kiwiko. Dakika haijaisha, na mzee ameshajua huyu ni mtoto wa namna gani.

Lyamkena ni kata ya Makambako, mji wa njia panda mkoani Njombe. Hapa barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya hukutana na ile inayokwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina stesheni yake. Mfanyabiashara wa mbao, viazi au parachichi hukutana na watu asiowajua karibu kila siku. Kabla bei haijatajwa, watu hupeana mikono, na hapo ndipo imani huanza kujengwa au kubomoka.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2000, William Chaplin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 112. Waliopeana mkono kwa uthabiti waliacha picha nzuri zaidi kwa waliokutana nao mara ya kwanza. Basi mkono uliolegea kama kitambaa kilicholowa haukusaidii. Wala usiuminye wa mwenzako hadi vidole vimuume. Nguvu si heshima.

Hata hivyo, kwetu uthabiti peke yake hautoshi. Kuna utaratibu. Kwa Kiswahili, mdogo huanza kwa "Shikamoo", husubiri "Marahaba", na mkubwa ndiye hutangulia kutoa mkono. Kijana anayemrukia mzee kwa mkono, huku akimkazia macho, huonekana hana adabu hata kama nia yake ni njema. Mkono wa kushoto hautolewi. Na ukimsalimia mwanamke wa Kiislamu, subiri. Akiweka mkono kifuani, nawe weka wako kifuani. Hajakudharau, amekusalimu.

Ugumu huja kijana wa Lyamkena anapokwenda Dar es Salaam kwenye usaili wa kazi. Macho aliyofundishwa kuyashusha kwa heshima, huko yanaweza kudhaniwa kuwa ya mtu asiyejiamini. Asiiache adabu ya kwao; aongeze nyingine juu yake. Aingie, asalimie kwa sauti inayosikika, asubiri mwenyeji atoe mkono, aushike vizuri, amtazame usoni kwa utulivu, ataje jina lake. Mkono uwe mkavu na safi, na simu ibaki mfukoni.

Machi 2020, hofu ya korona ilipotanda, Rais John Magufuli na mwanasiasa wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walisalimiana Ikulu kwa kugusanisha miguu. Picha yao ilisambaa kote nchini. Mikono haikugusana, lakini salamu ilifika. Hilo lilitukumbusha kwamba mkono ni muhuri tu. Barua yenyewe ni ile nia ya kumthamini mtu aliye mbele yako.

Wazazi na walimu wa Lyamkena, Makambako na Njombe nzima, tusiwaachie watoto wajifunze haya kwa kuaibika ukubwani. Tuwafundishe leo, mlangoni kwetu, kila mgeni anapobisha hodi. Shahada hutafutwa kwa miaka na kwa ada. Salamu njema haina ada, na ndiyo inayomfungulia mtu mlango kabla vyeti vyake havijasomwa.