Je, Wajua? Kifaranga Mgonjwa Hudai Joto Kabla ya Dawa

Je, wajua kwamba kifaranga hutoka kwenye yai akiwa na posho yake tumboni? Siku ya mwisho kabla ya kuanguliwa huvuta kiini kilichobaki na kukiingiza mwilini kupitia kitovu, na posho hiyo yaweza kumfikisha siku tatu bila kula wala kunywa. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa kwa basi mikoani wakafika hai. Basi aliyeanguliwa jana akilegea leo, usikimbilie kumlisha. Shika kwanza miguu yake. Ikiwa ya baridi, umeshapata adui wa kwanza.

Je, wajua kwamba yale manyoya laini ya kifaranga hayamtoshi kujitunzia joto? Mpaka aote manyoya ya kutosha, kazi ya wiki tatu nne hivi, anategemea mama yake au wewe. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakirundikana na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi na mabawa yamelegea, joto limewazidi. Wakitawanyika wanadonoa huku wakilia taratibu, hapo pako sawa.

Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa humfaa mgonjwa mmoja vizuri sana. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua vifaranga, na huua watu pia, kwa hewa ya sumu isiyo na harufu. Tafadhali, acha dirisha wazi.

Je, wajua kwamba njia ya hewa ya kuku iko palepale nyuma ya ulimi? Mfungue mdomo kwa upole utaiona: kitundu chembamba kinachofunguka na kufunga. Anayemmiminia kifaranga maji kooni humjaza mapafu, na wengi hufa hivyo mikononi mwa watu wenye huruma. Weka tone moja ubavuni mwa mdomo, subiri alimeze, kisha weka jingine. Maji yawe ya uvuguvugu yenye glukosi au sukari kidogo. Kwenye kisahani cha maji weka vijiwe, kwa kuwa kifaranga dhaifu huzama hata kwenye kina cha kidole.

Kinyesi kikimganda nyuma, hawezi kujisaidia na atakufa. Kilainishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu, ukifute kidogo kidogo, umkaushe kabisa. Usivute! Na usibandue kile kikovu kikavu kilicho chini kidogo ya tundu. Hicho ni kitovu.

Gazeti ni zuri kusoma, si kulaza vifaranga. Huteleza, miguu ikatanuka pande mbili. Tandika maranda au kitambaa kikavu, ufunge miguu kwa utepe laini ikae sambamba. Ukiwahi siku za mwanzo, wengi hunyooka.

Je, wajua kwamba kuku wagonjwa ndio walioelekeza dunia kwenye vitamini? Katika miaka ya 1890, kule Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakipooza miguu. Waliporudishiwa mchele usiokobolewa, walipona. Kilichokuwa kimekosekana ni vitamini B1, iliyokuwa kwenye pumba, na mwaka 1929 Eijkman alishiriki Tuzo ya Nobel. Nampenda sana mtu huyu kwa kuwatazama kuku kwa makini hivyo. Nawe ukiwalisha vifaranga chenga za mchele peke yake, ukaona shingo zinapinda nyuma au vidole vinajikunja, tazama chakula. Lakini shingo kupinda yaweza pia kuwa kideri, basi mwite mtaalamu wa mifugo.

Vitamini B1 hiyohiyo ina kisa kingine. Kinyesi chenye damu, hasa kuanzia wiki ya tatu, kwa kawaida ni koksidiosi, maradhi yanayopenda matandiko yenye unyevu. Dawa yake, amprolium, imefanana na B1. Kijidudu cha maradhi hayo huifyonza badala ya vitamini halisi, kikadhoofu. Ukiichanganya na vitamini hiyo siku hizohizo, unakilisha kijidudu na kuivunja dawa nguvu. Wauzaji wengi hukupa vyote viwili kwa pamoja. Kataa.

Je, wajua kwamba kapsuli za antibiotiki za rangi mbili hazigusi kideri wala gumboro? Hayo ni maradhi ya virusi. Kumwaga antibiotiki za binadamu kwenye maji ya kuku ni kuwafundisha bakteria kuzishinda, na kesho mtoto wako atazihitaji. Kwa kideri iko chanjo ya I-2, iliyobuniwa Australia, inayovumilia joto kuliko nyingi na hivyo kufaa vijijini: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa walio wazima. Aliyekwisha kuugua haimponyi.

Mgonjwa mtenge mara moja, umhudumie wa mwisho, baada ya wazima. Nawa mikono kwa sabuni, na watoto wasimbusu, maana kifaranga anayeonekana mzima aweza kubeba salmonela. Akifa, mchome au mfukie kwa kina ambacho mbwa hatafukua, kisha choma matandiko yake siku hiyohiyo.