Mashimo ya Bao Nakuru

Tulilala ndani ya gari, kambini karibu na Ziwa Nakuru, watoto wakisikiliza fisi. Alfajiri ilikuwa na baridi tusiyoizoea Pwani; maji ya udhu yalituuma vidole. Baada ya sala tukaelekea Hyrax Hill, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937. Huko, juu ya jabali, yako mashimo ya bao yaliyochongwa na watu wa kale. Mama watoto, aliyekuwa akinung'unika kwamba bara hana chake, aliinama akayahesabu moja moja. Menengai tukachelewa, Adhuhuri na Alasiri tukazisali pamoja, kwa kufupisha, kama alivyoruhusiwa msafiri. Hatukumharakisha. Miaka 30 amewapikia wageni wetu futari, na hii ndiyo safari yake ya kwanza isiyo ya msiba wala harusi.