Kufunga Ziwa Bila Kuzima Jiko

Kila mwaka Aprili ikikaribia, huzuka swali lile lile katika fuo za ziwa letu: "Omena wakifungwa, watoto watakula nini?" Sheria ya Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, ili wazaane na kukua. Lakini mama anayeanika omena na kuwauza kwa gorogoro hana mshahara. Ndiyo maana wengine huvua kwa kuiba.

Hebu tuwatazame wavuvi wa pweza wa Bahari ya Hindi. Pweza, kama omena, hukua upesi na maisha yake ni mafupi. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake, kisha hufa. Akishikwa kabla ya kutaga, uzazi wake umepotea.

Mwaka 2004, wanakijiji wa Andavadoaka, Madagaska, walikubaliana kufunga mwamba mmoja kwa miezi 7. Miamba mingine iliachwa wazi, kwa hivyo jiko halikuzimika. Walipofungua mwaka 2005, walikuta pweza wakubwa zaidi. Lakini watu walifurika pale, na faida ikaisha upesi. Hata hivyo vijiji vingine viliiga, hadi Pemba.

Je, sisi tufanye nini?

1. Tuweke akiba mapema. Mama akiweka shilingi 50 kila siku kuanzia Agosti hadi mwisho wa Machi, siku 243, atakuwa na shilingi 12,150. Hizo ni kama shilingi 3,000 kwa kila mwezi wa kufungwa. Kikundi kigawe pesa hizo mwezi kwa mwezi, si zote siku moja.

2. Tukae na kamati ya BMU ya ufuo wetu, tukubaliane mahali pa mazalio, kama vile midomo ya mito na kwenye mafunjo. Hapo kokoro lisivutwe kamwe.

3. Ziwa likifunguliwa, tusirudi na nyavu za macho madogo. Tutamaliza kwa wiki moja kile tulichongojea miezi minne.

Mtu husema, "Nikiacha mimi, jirani atachukua." Ni kweli, kama jirani hakuwa kwenye mkutano. Basi aitwe, naye aseme yake. Kufunga tulikokubaliana sote ni akiba. Kufunga tulikoletewa tu huonekana adhabu.