NANI HUICHAGULIA NASA SAYARI?

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hudhani ati NASA, shirika la anga la Marekani, hujiamulia tu sayari ya kuchunguza. La hasha! Kila baada ya miaka 10 hivi, jopo la wanasayansi huketi likaishauri ipi itangulie, maana pesa hazitoshi zote.

Mwaka 2022 jopo liliitaja Uranusi. Kwa nini? Ni chombo kimoja tu kilichowahi kuipitia, Voyager 2, mwaka 1986, baada ya safari ya miaka 8 na zaidi. Tena sayari hiyo inazunguka ikiwa imelala ubavu!

Lakini ushauri si pesa. Bunge lao lisipozitoa, Uranusi itazidi kungoja. Ndiyo sababu huchagua: mshika mawili moja humponyoka.